Satelaiti ya hali ya hewa haidondoki, ila upepo wa kusi hauonekani kwenye picha yake

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni nahodha huku Mafia, tuna mashua ya mashine tunavua nje ya mwamba. Kijana wangu kaniwekea kwenye simu programu inayoonyesha picha ya mawingu kutoka satelaiti, anasema hiyo satelaiti imesimama juu ya bahari yetu haisogei usiku na mchana. Mimi najiuliza imesimamaje huko bila kudondoka, na siku mafuta yakiisha si itatuangukia? Halafu mwezi wa saba niliangalia picha alfajiri, bahari nyeusi kabisa hamna wingu, nikasema leo shwari. Tukatoka, saa nne upepo ukatukamata mpaka tukakata nyavu ili turudi salama. Sasa kama satelaiti inatuona muda wote mbona haikuonyesha? Na kuna jamaa anauza dishi, anasema nikilifunga napata picha moja kwa moja sina haja ya kusubiri Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Ninunue?"

Marahaba nahodha, na poleni sana kwa nyavu. Uliamua vizuri kukata, nyavu zinatafutwa nyingine. Nimeona umeuliza mambo manne lakini linalokuuma ni moja, hii picha uiamini au usiiamini. Nitafika huko, ila nivumilie nianze na hilo la kudondoka, maana ukishajua kwanini satelaiti imepelekwa mbali vile utaelewa mwenyewe inaona nini na haioni nini.

Inayowatazama nyie zaidi inaitwa Meteosat-9, ni ya shirika la Ulaya la satelaiti za hali ya hewa, EUMETSAT, wenye makao yao Darmstadt kule Ujerumani. Ilirushwa Desemba 2005, na tangu katikati ya mwaka 2022 iko juu ya ikweta kwenye digrii 45.5 mashariki, yani juu ya maji ya Bahari ya Hindi nje ya pwani ya Somalia. Mafia iko karibu digrii 40, kwahiyo kwenu iko karibu na utosi, imelalia kidogo tu kaskazini mashariki. Huwezi kuiona kwa macho, kutoka usawa wa bahari mpaka pale ni kilomita 35,786.

Kijana wako kasema kweli nusu. Haijasimama hata kidogo, inakimbia kilomita 3 na ushee kila sekunde, kwa saa moja ni kilomita 11,000 hivi. Ila inaelekea mashariki, upande uleule dunia inaozungukia, na inamaliza mzunguko wake kwa muda uleule dunia inaomaliza wa kwake, masaa 23 na dakika 56. Ni kama mashua mbili zinazokwenda mwendo mmoja ubavu kwa ubavu, ukiwa ndani ya moja unaiona ile nyingine imetulia pale pale, ingawa maji yanapita chini ya zote mbili.

Sasa kudondoka. Watu wengi wanadhani huko juu hakuna mvutano wa dunia ndo maana vitu vinaelea, hapana, mvutano upo, kwa umbali ule umebaki kama sehemu moja kati ya 44 ya huu wa hapa chini lakini upo na unavuta muda wote. Satelaiti inadondoka kweli. Kila sekunde inadondoka sentimita 11 kuelekea kwetu, lakini ndani ya sekunde hiyohiyo imeshakwenda mbele zile kilomita 3, na duara inayopita, kwa urefu huo wa kilomita 3, inapinda sentimita 11 hizohizo. Kwahiyo inadondoka kila siku na haifiki chini, umbali unabaki uleule. Kwa hilo haitumii tone la mafuta, na kule hakuna hewa ya kuipunguza mwendo.

Mafuta yaliyomo ni ya kuirekebisha. Mwezi na jua vinaivuta kidogo kidogo ikaanza kupanda na kushuka kaskazini na kusini ya ikweta, halafu dunia yenyewe siyo mviringo kamili kiunoni, hilo nalo linaisukuma taratibu mashariki au magharibi. Wataalamu wanawasha vijinjini vidogo kuirudisha kwenye mstari. Mafuta yakikaribia kuisha hawasubiri yaishe, wanabakiza ya kuisukuma juu zaidi, kama kilomita 300 hivi juu ya njia yake, izunguke huko bila kusumbua wengine. Meteosat-7 ilirushwa 1997 ikafanyiwa hivyo 2017. Kwahiyo hilo la kuwaangukia Mafia liondoe kabisa moyoni, zinazorudi chini ni zile za karibu zinazopita kwenye hewa nyembamba ya juu, siyo hizi.

Utauliza mbona waipeleke mbali hivyo wakati kwa karibu wangeona vizuri zaidi? Hapa ndo penyewe. Satelaiti ikiwa karibu, tuseme kilomita 800, lazima ikimbie sana isidondoke, inaizunguka dunia kwa dakika kama 100, inapita kwenu mara moja mchana na mara moja usiku halafu imekwenda zake. Kadri unavyoipandisha ndivyo mzunguko unavyokuwa mrefu, mwezi wenyewe uko kilomita 384,000 unatumia siku 27. Katikati hapo kuna umbali mmoja tu ambao mzunguko unalingana na siku ya dunia, na ndo hizo kilomita 35,786, na lazima iwe juu ya ikweta maana ikiwa njia yake imelala upande itaonekana inapanda na kushuka. Ukiiweka hapo haipotezi macho. Wingu likianza kujikusanya kati ya Comoro na Mafia saa nane usiku, litaonekana, na robo saa baadae litapigwa picha nyingine, na nyingine, mpaka ujue linakua au linakufa. Kwa ajili ya huko kutopotea macho ndo ilipelekwa mbali, na gharama yake ni kwamba kutoka kule vitu vidogo havionekani. Lishike hili, tutalirudia.

Kuifikisha pale ni kazi na mimi naipenda sana kuielezea. Chukua Meteosat ya kizazi kipya, ile ya kwanza, ilirushwa tarehe 13 Desemba 2022 kwa roketi ya Ariane 5 kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, Amerika ya Kusini. Kwa saa zetu ilikuwa saa tano na nusu usiku. Satelaiti yenyewe ilikuwa na uzito wa tani 3.8, na roketi ikabeba na nyingine mbili za mawasiliano humohumo. Maroketi mawili ya pembeni yenye mafuta magumu ndiyo yanayoinyanyua kutoka chini, yanaungua dakika mbili na kitu yanaachiwa yaanguke baharini, halafu injini kuu ya katikati inaendelea, halafu ya juu. Kinachotafutwa siyo urefu tu, watu wengi wanafikiri roketi inakwenda juu kama fataki. Ukiitazama utaona baada ya muda mfupi inalala inaelekea mashariki juu ya bahari ya Atlantiki, kwasababu kinachohitajika zaidi ni mwendo wa kwenda pembeni, ule unaofanya idondoke bila kufika chini.

Dakika 34 baada ya kuondoka roketi ikamaliza kazi yake ikaiachia satelaiti. Lakini haijafika. Imeachiwa kwenye njia ndefu kama yai, ncha moja iko kilomita mia chache tu kutoka chini na ncha nyingine iko kule kwenye kilomita 36,000. Ikiwa chini inapita kwa kasi kama kilomita 10 kwa sekunde, na ikipanda inapungua nguvu mpaka ikifika kileleni imebaki na kilomita 1.6 kwa sekunde. Ikiachwa hivyo itarudi chini tena, na kupanda tena. Kwahiyo ikifika kileleni inawasha injini yake yenyewe iongeze karibu kilomita moja na nusu kwa sekunde, haiongezi kwa pigo moja, inafanya mara kadhaa kwa siku tofauti, kila mara ile ncha ya chini inapanda mpaka yai linakuwa duara. Ndo maana Meteosat-9 yenu siku inarushwa ilikuwa na tani mbili hivi, na karibu nusu ya uzito huo ulikuwa mafuta, mengi yake yakaungua kwenye safari hiyo ya mwisho kabla haijapiga picha hata moja. Halafu inakuja miezi ya kupima vifaa. Ile ya 2022 picha yake ya kwanza ilitolewa kwa watu Mei 2023, na ikaingia kazini rasmi kwa jina la Meteosat-12 mwishoni mwa 2024.

Kwanini Kourou? Iko digrii 5 tu kaskazini ya ikweta na mbele yake mashariki ni bahari tupu. Kwenye ikweta ardhi yenyewe inazunguka kwa kasi ya karibu mita 465 kwa sekunde, roketi inaondoka na mwendo huo wa bure, na njia yake inakuwa imeshakaribia kulala juu ya ikweta kwahiyo satelaiti inabakiza mafuta ya kuishi miaka mingi. Sababu hiyohiyo ndo iliwaleta Waitaliano pwani ya Kenya karibu na Malindi, kwenye majukwaa ya San Marco yaliyosimama baharini. Pale tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa satelaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, na kwasababu ilikuwa sikukuu ya Jamhuri ya Kenya wakaiita Uhuru. Kurusha kule kuliishia 1988, na roketi za pale zilikuwa ndogo, hazikuwa za kubeba mizigo ya kwenda kilomita 36,000. Lakini mahali penyewe pamekaa vizuri kuliko Florida, na mimi nikiangalia ramani huwa naumia tukiwa tunapokea tu.

Haya, twende kwenye upepo wako wa mwezi wa saba.

Meteosat-9 inajizungusha yenyewe mara 100 kwa dakika, kila ikizunguka jicho lake linafagia mstari mmoja wa dunia kutoka mashariki kwenda magharibi, mstari kwa mstari kuanzia kusini mpaka kaskazini, mpaka dunia nzima inayoonekana imekamilika, kazi ya dakika 12, na kila robo saa inaanza upya. Nukta moja kwenye picha zake za kawaida ni kilomita 3 kwa 3. Mashua yako, nyavu zako, mawimbi ya mita tatu, vyote vimo ndani ya nukta moja havionekani. Na upepo ndo kabisa, upepo hauna rangi. Kinachoonekana ni vichwa vya mawingu.

Alfajiri uliyoangalia wewe jua lilikuwa halijatoka, kwahiyo picha ile ilikuwa ya joto. Kwenye picha ya namna hiyo kitu cha baridi kinachorwa cheupe na cha joto kinachorwa cheusi. Wingu refu la radi kichwa chake kiko kilomita 12 au 15 juu, baridi kali, linang'aa weupe. Bahari yenu ni ya joto, inakuwa nyeusi. Sasa wingu fupi la chini, kichwa kiko kilomita moja au mbili tu, joto lake halijapishana sana na la bahari, kwahiyo nalo linatoka kijivu kizito karibu sawa na bahari. Ukiangalia kwenye simu ndogo unasema hamna kitu.

Na kusi, we mwenyewe unaijua kuliko mimi, haiji na mawingu makubwa. Miezi ya sita mpaka ya tisa kunakuwa na mgandamizo mkubwa wa hewa kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, huko kwenye Mauritius, hewa inasukumwa kutoka kule kuja kwetu. Mgandamizo ukiongezeka upepo unaongezeka. Hewa ile inakuwa inashuka, siyo kupanda, kwahiyo inayazuia mawingu yasikue marefu. Kwahiyo unaweza kuwa na upepo wa kuvunja mlingoti na mbingu safi, na picha ya satelaiti nyeusi. Satelaiti haikukudanganya, ila uliiuliza kitu ambacho haijibu. Mimi naona kosa kubwa zaidi ni la hizi programu zinazoweka picha nzuri bila kueleza, mtu anaona weusi anasoma usalama.

Upepo wa baharini unapimwa na satelaiti nyingine, za karibu, kama Metop zinazopita kilomita kama 800 juu. Zina rada inayopiga uso wa maji na kusoma ule mkwaruzo wa viwimbi vidogo, kutoka hapo wanapata kasi na mwelekeo wa upepo. Hizo ndo zile nilizosema zinapita na kuondoka. Vipimo hivyo, pamoja na mwendo wa mawingu kutoka Meteosat, pamoja na vituo vya ardhini na meli, vinaingizwa kwenye kompyuta kubwa zinazokokotoa hewa itakwendaje, na utabiri unatoka huko. Kwahiyo ukiona kwenye programu picha "ya kesho", ile siyo satelaiti tena, ni hesabu ya kompyuta iliyochorwa ifanane na picha. Satelaiti haina picha ya kesho. Ina ya robo saa iliyopita.

Hapo hapo angalia na saa. Picha nyingi zinaandikwa saa za dunia, UTC, ongeza tatu. Iliyoandikwa 03:00 ni saa kumi na mbili asubuhi kwetu. Nimeona manahodha wanaangalia picha ya masaa matatu nyuma wakidhani ni ya sasa hivi, na masaa matatu wingu la radi limeshazaliwa, limeua, limekufa.

Picha itumie kwa nini basi? Kwa mawingu marefu. Msimu wa masika na wa vuli, au kwa ndugu zetu wa Ziwa Victoria ambako radi zinajengeka usiku ziwani, hapo picha ni ya dhahabu. Usiangalie moja, angalia nne tano mfululizo. Doa jeupe linalokua na kingo zake zimekatika kali, linaelekea upande wenu, usitoke au rudi. Utando mweupe mwembamba unaovutwa kama pamba mara nyingi ni wingu la juu tu halina mvua. Na Meteosat-12, ingawa iko digrii sifuri juu ya Atlantiki na inatuona kwa upande, ina kamera zinazokamata miale ya radi usiku na mchana, programu zikianza kuonyesha hizo alama za radi zipe uzito kuliko weupe wa wingu.

Na kwa vimbunga. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliingia Zanzibar watu hawana habari, cha 1952 kikapiga Lindi. Mei 2024 Hidaya alianza kuonekana baharini angali mbali, TMA wakatoa taarifa siku kabla, boti za Zanzibar zikasimamishwa, na tarehe 4 ndo akafika huko kwenu Mafia. Uliyaona mwenyewe, sina haja ya kukuhadithia. Alikuwa hajafika lakini njia yake ilishafuatwa picha kwa picha, na hiyo ndo kazi ambayo hakuna satelaiti ya karibu inaweza kuifanya peke yake.

Dishi: usinunue. Nakwambia wazi. Data za Meteosat zinateremka kwanza Ulaya, zinasafishwa na kupangwa Darmstadt, halafu zinarushwa tena kupitia satelaiti za mawasiliano kwenda kwa taasisi za hali ya hewa, TMA wakiwemo. Kufunga mtambo wa kuzipokea kunataka dishi kubwa, kompyuta, kibali na mtu wa kuutunza, na mwisho wa yote unapata picha ileile unayoipata bure kwenye simu, pengine dakika chache mapema, na kusi bado haitaonekana. Ningekuwa mimi pesa hiyo naanza na maboya ya kila mtu, halafu redio ya VHF, halafu kikibaki kitu nanunua kirusha ishara cha dharura cha masafa ya megahezi 406.

Hicho cha mwisho nikieleze kidogo, maana umesema satelaiti inawaona muda wote. Haiwaoni, lakini inaweza kuwasikia. Satelaiti za kizazi hiki cha Meteosat, mbali na jicho la mawingu, zimebeba kifaa cha kupokea ishara za dharura chini ya mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat. Mtu akiwasha kirushaji chake baharini, ishara inapanda, inarudishwa kwenye kituo cha ardhini, na inapelekwa kwa waokoaji wa nchi husika. Chagua chenye GPS ndani, kwasababu satelaiti iliyotulia kama hii inasikia unalia lakini peke yake haijui uko wapi, mpaka kirushaji kiseme. Na lazima kisajiliwe kwa jina la chombo chako na namba za simu za watu wa nchi kavu, ulizia TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kabla hujalipa, wakwambie kipi kinakubalika na unakisajilije. Ambacho hakijasajiliwa kinachelewesha kila kitu.

Kwa kutoka kila siku sikiliza utabiri wa TMA wa baharini, siyo ule wa mikoa unaosema jua na mvua, ule wa bahari unaotaja kasi ya upepo na urefu wa mawimbi kwa pwani ya kaskazini, kusini na visiwa. Wakisema angalizo, jiandae na fikiria tena. Wakisema tahadhari, mashua ya ukubwa wenu ibaki. Tahadhari kubwa haina mjadala. Utabiri nao unakosea, sitakuficha, hasa kwa radi za ghafla, ila kwa kusi unakuwa mzuri kwasababu mgandamizo ule wa kusini unajengeka kwa siku kadhaa na kompyuta zinauona. Na macho yako usiyastaafishe, ukiona taarifa inasema shwari na maji yanakwambia vingine, amini maji.

Kuna mambo mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi. Kama upepo unaowakamata unakuja saa ileile na mahali palepale, karibu na mlango fulani wa mwamba, nenda mwenyewe kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, vingi viko kwenye viwanja vya ndege, ukaongee na aliyepo zamu. Beba tarehe zako na saa, hata kama umeziandika nyuma ya daftari la mauzo. Wao wana vipimo vya upepo vya siku hizo, mtavilinganisha, anaweza kukuonyesha ni mkusanyiko wa kusi na upepo wa baharini wa mchana au ni kitu kingine. Waombe pia waje wawafundishe wote kupitia BMU yenu, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, siyo wewe tu. Na kama kuna mtu wenu aliumia siku ile au alikunywa maji mengi akabaki anakohoa mpaka sasa, huyo apelekwe hospitali leo, mambo ya picha yasubiri.